Asiye na kadi ya komite ya wazazi apige kura au asipige?

Mama Mapacha, Katuba

Jumamosi tulikuwa na mkutano wa wazazi kwenye masomo ya wanangu (sisi wa Lubumbashi, Kongo, shule tunaiita masomo). Ni shule ya msingi ya umma inayosimamiwa na kanisa, na sitaitaja. Jambo kubwa lilikuwa kuchagua komite mpya. Sala ilipomalizika tu, katibu akasimama: wenye kadi waketi madawati ya mbele, wasio na kadi wakae nyuma, wasikilize, wasinyooshe mikono. Kadi ni franka 10,000 kwa mwaka.

Jirani yangu ni mjane, anauza makala (makaa ya kupikia) kwa mafungu barabarani. Ana watoto wanne pale, wawili wake na wawili wa marehemu dada yake. Hakuwa na kadi. Lilipotajwa jina la mgombea aliyemtaka, mkono wake ukapanda. Katibu akamwambia, "Mama, shusha." Akashusha. Watu wakacheka kidogo, mkutano ukaendelea.

Mimi nilikuwa na kadi, nikapiga kura, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika leo.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza. Mtoto anaingia darasani bure, mzazi wake anyooshe mkono kwa kulipia? Nielezeni.

Fundi Bati, Ruashi

Mama, pole kwa jirani, lakini tutenganishe vitu. Shule ni ya serikali, komite ni ya wazazi. Mimi natunza pesa za komite kwenye shule nyingine. Mwaka jana mvua ya Novemba ilibeba bati za darasa la tatu. Tuliandika barua juu, tukajibiwa kwa barua. Wenye kadi ndio walionunua bati, mbao na misumari, na nyundo niliishika mimi. Leo aje mtu ambaye hakutoa hata franka mia, aamue bati nyingine tununue kwa nani?

Wote hapa mnacheza likelemba, ule mchezo wa kutia pesa pamoja na kupokea kwa zamu. Asiyetia, zamu yake haifiki, na hakuna anayelia kwamba ameonewa. Tena sheria ya vyama visivyo vya faida ya Julai 2001 inakiachia chama kiweke chenyewe masharti ya uanachama.

Mama Mapacha, Katuba

Papa Fundi, likelemba mtu anaingia akipenda, na akichoka anatoka. Pale shuleni nimeingia kwa sababu ya mapacha, na siwezi kutoka mpaka wamalize la sita.

Mwalimu Mstaafu, Kenya

Kenya komini ya hapa Lubumbashi, wasomaji wa mbali msitafute Nairobi.

Nianze nyuma kidogo, mnivumilie. Nilianza kufundisha enzi za Zaire. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa serikali ulikuwa haununui hata mfuko wa unga, migomo ikala mwaka wa shule. Ndipo wazazi, kwa kusikilizana na maaskofu na wakuu wa shule, walipoanza kutulipa primu ili tusiache kazi. Ulikuwa mpango wa kuvuka shida. Ulikaa robo karne na zaidi.

Nitasema neno ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Primu ilitulisha bukari, sikatai, lakini ilitufundisha mambo mabaya. Kila mwezi niliwekewa orodha mezani, nisome majina: fulani simama, fulani simama, nendeni mkalete pesa. Kulikuwa na kijana mmoja darasa la tano ambaye alianza kukusanya madaftari yake kabla sijafikia jina lake. Alikuwa ameshajua. Mzazi wa mtoto huyo akija mkutanoni hasemi. Hakuna sheria iliyomkataza kusema, aibu ilitosha.

Kwa hiyo mambo ya Jumamosi hayakuanza Jumamosi. Primu ya shule za msingi ilifutwa 2019, lakini desturi ya kupima mdomo wa mtu kwa mfuko wake bado ipo, na kadi ndiyo nyumba yake mpya.

Papa Fundi ana haki kwenye hili la bati. Tangu elimu iwe bure watoto wamefurika, nimeona darasa watoto wanne wanagombea benchi la wawili, na wapo walimu wanaofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya mshahara. Mchango wa wazazi bado unahitajika. Ninachobisha ni kuufanya mlango.

Msomaji wa Kigoma

Shikamoo Mwalimu. Ng'ambo ya ziwa kwetu elimu bila ada ilianza Januari 2016, na michango bado tunaijadili kila mwaka, kwa hiyo msidhani mko peke yenu.

Ila Wakenya (wa nchi, si wa komini!) waliliandika vizuri. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema chama cha wazazi ni kila mzazi mwenye mwanafunzi katika shule hiyo, pamoja na mwakilishi wa walimu. Uanachama unaletwa na mtoto.

Fundi Bati, Ruashi

Aksanti, lakini kuandika ni rahisi. Kura hiyo inahesabiwaje? Kwa mtoto, kwa mzazi au kwa nyumba? Mtaani kwangu kuna mzee mwenye wake wawili na watoto saba shule moja. Wakija wote watatu ni kura tatu? Na kijana anayelea wadogo zake kwa sababu wazazi wako Kolwezi migodini, yeye ni mzazi?

Dada wa Kampemba

Kila mtoto ana mtu mmoja aliyetia sahihi siku ya kuandikishwa. Huyo ndiye. Watoto saba, sahihi ya mtu mmoja, kura moja. Tuendelee.

Mkaguzi Mstahimilivu, Kamalondo

Wote mnabishana kana kwamba kadi inamzuia tu asiye na pesa. Mimi niwaonyeshe inamsaidia nani.

Niliwahi kuombwa kukagua hesabu za komite kwenye sekondari moja. Sekondari haikuguswa na ile elimu bure, kwa hiyo sanduku la wazazi linakuwa zito na viti vya komite vinapendwa sana. Kadi ilikuwa 10,000 vilevile. Nikapewa kitabu cha risiti. Nikafungua, nikafika risiti namba 041. Kuanzia hapo hadi 063 ni tarehe moja, siku moja kabla ya uchaguzi. Wino wa bluu uleule, mwandiko uleule, sufuri zote zimeachwa wazi kidogo juu. Wazazi 23 walipanga foleni alasiri moja? Kwenye shule ambayo kukusanya kadi tano kwa wiki ni kazi?

Nikawapigia simu watano. Wawili hawakujua kama wana kadi. Mmoja akanijibu kwa furaha, "Prezida ndiye alinilipia, Mungu ambariki." Prezida huyo wa komite alirudi kwenye kiti kwa tofauti ya kura 19. Hesabu: franka 230,000 ametoa, halafu miaka mitatu anashika sanduku.

Kama kura ingefuata rejista ya darasa, ingembidi kwanza azae watoto 23.

Dada wa Kampemba

🤣 Na awaandikishe wote kabla ya saa kumi.

Fundi Bati, Ruashi

Hiyo ya risiti imenifikia. Nimeenda kutazama kitabu changu, kiko safi, lakini nakiri sikuwahi kukitazama kwa jicho hilo.

Basi nipendekeze hivi: kuchagua komite, kila mlezi aliye kwenye rejista. Kuamua matumizi ya mchango, waliochanga peke yao.

Mwalimu Mstaafu, Kenya

Papa Fundi, kazi ya komite ni nini zaidi ya matumizi? Utampa mjane haki ya kuchagua watu, kisha wakianza kufanya kazi umtoe nje. Afadhali mchango ubaki mchango, hesabu zibandikwe ukutani kila muhula, na anayetaka kuuliza aulize, awe ametoa au hakutoa.

Mama Mapacha, Katuba

Jana jioni nilienda kwa jirani nikamsomea maneno yenu. Alikuwa anapanga mafungu ya makala, mikono myeusi hadi kwenye kiwiko. Akasikiliza hadi mwisho, hasa hapo Papa Fundi aliposema kuhusu mtu ambaye hakutoa hata franka mia.

Akaniuliza kama nakumbuka likizo kubwa, walipopiga lipu ukuta wa darasa la kwanza. Nakumbuka. Maji ya kukorogea saruji yalitoka kisimani, ndoo kwa ndoo, siku tatu, na yeye alikuwa mmoja wa akina mama waliobeba. Akasema, "Kwenye daftari lao mimi niko wapi?" Sikuwa na jibu, maana daftari la komite nimeliona: jina, kiasi, tarehe, sahihi. Basi.

Jumatano nimepata nafasi ya kuonana na direkta, mkuu wa shule. Nataka niende na kitu mkononi. Papa Fundi, daftari la shule yenu lina safu ya waliofanya kazi kwa mikono? Kama lipo nipigie picha.

Fundi Bati, Ruashi

Halina. Hata mimi niliyepanda kupiga bati simo.

Nipe mpaka kesho, nitachora moja.