MJADALA: Serendipity si bahati tupu. Je, fedha za umma zigharamie utafiti usiojulikana utaishia wapi?

Wadau, kila inapojadiliwa bajeti ya utafiti kuna neno moja la Kiingereza halikosi kutajwa: serendipity, yaani kugundua jambo la maana ambalo hukuwa unalitafuta. Anayetaka watafiti waachwe huru hulifanya ngao: uvumbuzi mkubwa huja bila kutafutwa, kwa hiyo toeni fedha, maswali baadaye. Anayepinga hulifanya rungu: kama ni bahati, bahati haipangiwi bajeti, na kodi za watu si za kuchezea kamari. Naona wote wawili wamelishika neno vibaya, ndiyo maana mjadala huu haupigi hatua. Msimamo wangu nausema mapema: sehemu ya fedha za umma lazima iende kwenye utafiti ambao hata anayeufanya hajui utamfikisha wapi, na hoja ya kuutetea imo katika maana ya kwanza ya neno hilo.

Ni maneno machache sana ambayo siku yake ya kuzaliwa inajulikana. Hili linajulikana. Tarehe 28 Januari 1754 Horace Walpole, mwandishi na mwanasiasa wa Uingereza, alimwandikia barua Horace Mann, mwanadiplomasia aliyekuwa akiishi Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mwanamke wa ukoo mashuhuri wa Venice, na Walpole akipekua kitabu cha zamani cha nembo za koo za Venice akakutana na jambo kuhusu nembo ya ukoo huo ambalo hakuwa akiliwinda. Akamwambia Mann kwamba ugunduzi wa namna hiyo yeye huuita serendipity, na kwamba amelitoa neno hilo kwenye hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Serendip ndiyo Sarandibu, jina ambalo Waarabu na Waajemi walilitumia kuitaja Sri Lanka. Waliosoma safari za Sindbadi wameshakutana nalo.

Hadithi yenyewe, iliyochapwa Venice kwa Kiitaliano mwaka 1557, inasema vijana hao wakiwa safarini walikutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Hawakuwahi kumwona huyo ngamia, lakini walimweleza mwenyewe kwamba ana chongo, amepungukiwa jino na mguu mmoja unachechemea. Mtu akadhani ndio wezi, akawashitaki kwa mfalme. Kumbe wao walikuwa wameangalia njia tu. Majani yalikuwa yameliwa upande mmoja wa barabara, tena ule wenye majani hafifu, huku upande wenye majani mazuri haukuguswa: mnyama haoni upande huo. Matonge ya majani yaliyoanguka yalikuwa na ukubwa wa pengo la jino. Na nyayo zilikuwa tatu, wa nne ni mburuzo.

Sasa niambieni, hapo bahati iko wapi? Kupita njia aliyopita ngamia ni sadfa, sawa. Lakini wapita njia wangapi waliyaona majani yale yale wakaendelea na safari zao? Walpole aliliweka wazi hili katika barua yake: wale vijana waligundua mambo kwa sadfa na kwa umaizi, mambo ambayo hawakuwa wakiyatafuta. Akaongeza sharti: ukikipata kitu ulichokuwa unakitafuta, hicho hakihesabiwi. Kwa hiyo neno lilizaliwa na miguu mitatu: tukio lisilopangwa, jicho la kulitambua, na safari iliyokuwa na lengo jingine.

Barua hizo zilichapwa mwaka 1833. Neno likabaki halitumiki sana kwa miongo mingi, hadi karne ya 20 wanasayansi walipolichukua. Walter Cannon wa Harvard ni mmoja wa waliolieneza. Kadiri lilivyoenea ndivyo umaizi ulivyodondoka njiani. Leo utalikuta ubavuni mwa mashua na kwenye vibao vya hoteli, likimaanisha bahati ya mtende. Kwenye mashua halina madhara. Kwenye meza ya bajeti lina madhara makubwa.

Mfano unaotajwa na kila mtu ni wa Alexander Fleming. Septemba 1928 alirudi kutoka likizo katika hospitali ya St Mary's, London, akakuta kuvu limeota kwenye sahani moja ya bakteria, na kando ya kuvu lile bakteria wameyeyuka. Watu husema: bahati iliyoje! Lakini Ernest Duchesne, mwanafunzi wa udaktari Ufaransa, alikwisha kuandika tasnifu mwaka 1897 kuhusu ushindani kati ya kuvu na bakteria, na hakuna aliyemjali. Na Fleming mwenyewe miaka kadhaa nyuma alikwisha kugundua lisozimi, dutu iliyomo kwenye machozi na kamasi inayoyeyusha baadhi ya bakteria. Jicho lake lilishafundishwa kuona kitu kinachoyeyuka. Mwingine angeiosha sahani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Thomas Brock. Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikuwa Yellowstone, Marekani, wakichunguza viumbe wadogo wanaoishi kwenye chemchemi za maji ya moto. Hawakutafuta dawa wala kipimo. Wakampata bakteria wakamwita Thermus aquaticus, wakachapisha habari zake mwaka 1969 na kuweka sampuli hai kwenye hifadhi ambako mtafiti yeyote angeweza kuiomba. Miaka ya 1980, Kary Mullis alipobuni njia ya kunakili vinasaba inayoitwa PCR, tatizo likawa kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kunakili kiliharibika kwa joto kila mzunguko, kikabidi kuongezwa upya. Kimeng'enya cha bakteria yule wa Yellowstone kinastahimili joto hilo. Mtu yeyote aliyepimwa Korona kwa PCR amefaidika na kazi ile, na kazi ile ililipiwa na fedha za umma.

Swali langu: serikali ifanye nini? Karibuni, wanaokubali na wanaopinga.

Jibu la kwanza

Mleta mada, hadithi ya ngamia umeisimulia vizuri, ila hesabu hujaipiga. Umetuletea waliofanikiwa. Waliochunguza chemchemi, wadudu na mawe miaka thelathini wakatoka mikono mitupu, nani anawahesabu? Ukihoji washindi wa bahati nasibu pekee, wote watakuambia kununua tiketi kunalipa.

Halafu hiyo penisilini, dawa iliyotokana na kuvu lile la Fleming. Fleming alichapisha mwaka 1929, na karibu miaka kumi haikumtibu mgonjwa wa maana. Iligeuka dawa pale Howard Florey na Ernst Chain walipoishika kule Oxford kwa mpango, pamoja na Norman Heatley aliyetafuta namna ya kuisafisha. Februari 1941 walimdunga polisi Albert Alexander, akaanza kupata nafuu, dawa ikaisha, Machi akafa. Tatizo halikuwa umaizi. Lilikuwa uzalishaji, na uzalishaji ulitatuliwa na mradi wenye lengo, bajeti na tarehe. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 baada ya kampeni iliyojua inachokitaka.

Nikuongezee jingine. Arno Penzias na Robert Wilson walisikia mvumo usioisha kwenye antena yao New Jersey mwaka 1964, wakasafisha hadi kinyesi cha njiwa, mvumo ukabaki. Aliyewaambia kwamba hiyo ni mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu ni kundi la Robert Dicke wa Princeton, waliokuwa wanautafuta kwa makusudi. Na antena ilikuwa ya kampuni, Bell Labs, si ya walipakodi. Kwa hiyo hata serendipity yako inamhitaji mtu mwenye lengo.

Mleta mada

Mkuu, hoja ya walioshindwa ni nzito, na sitaki kuikwepa. Ni kweli hatuwahesabu. Lakini hata miradi yenye malengo hatuihesabu kwa uaminifu: mingapi hufungwa kwa ripoti nzuri isiyo na kitu ndani? Kanuni iwe moja kwa wote.

Kuhusu Oxford, Chain alifika kwenye penisilini kupitia lisozimi. Alikuwa anafuatilia jinsi dutu zile zinavyofanya kazi kikemia, na baadaye alisema kilichomsukuma mwanzoni ni udadisi wa kisayansi. Mpango wa kuzalisha ulikuja baada ya hapo. Na hata kwenye ule mpango, aina ya kuvu iliyoongeza mavuno sana ilitoka kwenye tikiti lililooza lililofikishwa maabara ya Peoria, Illinois, mwaka 1943. Maabara ilikuwa inatafuta kuvu bora, kwa hiyo kwa sharti la Walpole lile tikiti halihesabiwi, nakubali. Ninachosema ni kwamba bila Fleming wasingekuwa na cha kutafuta.

Mfano wa Dicke naupokea wote. Unanisaidia: jicho lilikuwa Princeton, tukio likatokea kwingine, na wakakutana kwa sababu watu waliulizana. Ndiyo maana nasisitiza kuchapisha wazi na kuhifadhi sampuli. Brock angemfungia bakteria wake kabatini, leo tungekuwa tunaongea nini?

Jibu la pili

Mimi niko upande wa mleta mada, lakini mnasahau siasa. Kati ya 1975 na 1988 Seneta William Proxmire wa Wisconsin alikuwa akitoa tuzo ya kejeli kwa matumizi aliyoyaona ya ovyo. Ya kwanza ilikwenda kwa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani kwa kutumia dola 84,000 kuchunguza mapenzi. Kichwa cha utafiti kikichekesha, mwanasiasa ana mtaji. Mwaka 2012 ilianzishwa tuzo ya kujibu, ya kuheshimu utafiti ulioonekana wa ajabu kisha ukafaidisha watu, na Brock na Freeze waliipata mwaka 2013. Lakini angalieni: karibu nusu karne ilikuwa imepita tangu 1966. Ni mbunge gani atasubiri muda huo?

Jibu la tatu

Nimepitia maandiko ya kuomba fedha za utafiti kama mjumbe wa kamati, nami naona tatizo liko kwenye fomu. Kuna kisanduku cha "matokeo tarajiwa", na mwombaji analazimika kuahidi. Akikutana na jambo jipya katikati ya kazi, ana njia mbili: aliache, au alifuate kimyakimya kisha aandike ripoti ya kitu kingine. Tunawafundisha watafiti kupita njia bila kuangalia majani.

Sikubali fedha zitolewe bila maswali. Nataka maswali yabadilike. Badala ya kumuuliza atapata nini, aulizwe: unalijua eneo hili kiasi gani? Vifaa unavyo? Ukikuta jambo lisilotarajiwa utalirekodi wapi na nani ataliona? Na mkataba uwe na kifungu kinachoruhusu kubadili mwelekeo kwa barua moja ya maelezo, si kwa kuomba upya.

Jibu la kwanza tena

Hicho kifungu nakiunga mkono, na maswali hayo pia. Kwenye sehemu maalumu ya bajeti bado nagoma. Aliyebadili mwelekeo alishathibitisha kwamba anajua kazi, kwa sababu alianza na lengo. Mnayetaka kumlipa bila lengo kabisa, mtamtofautishaje na mvivu mwaka wa kwanza?

Mleta mada

Kwa kusoma daftari lake la maabara, mkuu. Mvivu halijazi. Walioketi kwenye kamati watueleze kama kuna anayeliomba.