Kishikwambi chenye kibodi ya kubandika si kompyuta mpakato. Acheni kudanganya wateja!

#1 – Mtoa mada

Wakuu, kompyuta mpakato iliitwa mpakato kwa sababu inapakatwa. Mtu anakaa kwenye benchi nje ya darasa, anaiweka mapajani, anaandika. Sasa chukueni hivi vishikwambi vya Windows vyenye kibodi ya sumaku na mguu wa kukunjua nyuma, vile muuzaji anavyovisifia kwamba "ni laptopu kamili, tena nyepesi". Kiwekeni mapajani muandike ukurasa mmoja tu. Mguu unateleza katikati ya mapaja, kibodi inabonyea, kioo kinalala chali.

Sababu inajulikana. Kwenye mpakato wa kawaida betri na bodi viko chini ya kibodi, kwa hiyo uzito umekaa chini. Kwenye hivi kila kitu kimejazwa nyuma ya kioo. Surface ni vishikwambi vya Microsoft wenyewe, na Surface Go ya kwanza, ile ya 2018, kioo chake ni gramu 522 na kibodi yake haifiki hata 250. Kichwa kina uzito mara mbili ya kiwiliwili, na kinachokizuia kisianguke ni kibati chembamba kinachohitaji meza bapa na ngumu. Mwanafunzi asiye na meza ameuziwa kitu kinachodai meza.

Halafu bei. Kwenye tangazo picha inaonyesha kibodi imebandikwa, lakini bei iliyoandikwa ni ya kioo peke yake. Huu mchezo haukuanzia kwa wauzaji wetu. Hiyo Surface Go ilitangazwa Marekani kwa dola 399, kibodi ya bei ya chini kabisa ikauzwa pembeni kwa dola 99. Hiyo ni robo ya bei, kwa kitu ambacho bila hicho hakuna laptopu ya kuzungumzia! Surface Pro 3 ilizinduliwa 2014 ikinadiwa kuwa kishikwambi kinachoweza kuchukua nafasi ya laptopu yako, na kibodi ilikuwa ya kununua kando. Tumeshazoea mpaka tunaona ni kawaida. Si kawaida. Hakuna anayeuziwa baiskeli akaambiwa kanyagio ni pesa nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni RAM (kumbukumbu inayobeba programu zilizofunguliwa) na hifadhi ya mafaili, maana hapo ndipo mnunuzi anapofungwa moja kwa moja. RAM imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 4 utakufa nayo ya GB 4. Windows 11 yenyewe inataka GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi kama kiwango cha chini kabisa cha kuwekwa, yaani mashine inatoka dukani ikiwa imekanyaga mstari wa mwisho. Fungua kivinjari chenye kurasa sita, Word na simu ya video, RAM imejaa. Ikijaa, Windows inaanza kutumia hifadhi kama RAM ya akiba, na hifadhi ya mashine hizi za bei ndogo ni eMMC, teknolojia ileile ya vishikwambi vya bei rahisi. Kiwango cha juu cha eMMC 5.1 kinadharia ni MB 400 kwa sekunde. SSD ya NVMe, hifadhi ya kasi ya mpakato wa kawaida, inasoma elfu na zaidi. Ndiyo maana mteja analalamika "inaganda" wakati prosesa wala haijachoka.

Na hizo GB 64 msizihesabu zote. Kwenye Windows zinasomeka 59.6 kabla hujaweka chochote, toa sehemu ya kurejeshea mfumo, toa Windows yenyewe, toa Office. Likija sasisho kubwa la mwaka linakosa pa kukaa, linashuka nusu, linafeli, kesho linaanza upya na kula bando lako tena. Hili la bando linanikera kuliko yote kwa sababu anayenunua mashine ndogo ndiye asiye na intaneti ya kuchezea.

Nne: Windows ya S mode. Mtu anafika nyumbani, anaweka programu ya uhasibu aliyopewa kwenye flashi, mashine inamkatalia kwamba inakubali programu za Microsoft Store tu. Muuzaji alijua, akanyamaza. Kutoka humo ni bure: Settings, System, Activation (kwenye Windows 10 anzia Update & Security), ingia kwenye kiungo cha kwenda Store, bonyeza Get. Unahitaji intaneti na akaunti ya Microsoft, na ukitoka hurudi tena. Akitokea mtu anakudai pesa kwa kazi hiyo, usitoe.

Mwenye kutetea biashara hii aje hapa na hoja.

#2

Mtoa mada umeiacha kubwa zaidi: prosesa za ARM, jamii ileile ya prosesa za simu. Mashine mbili zinaweza kuwa na jina moja na umbo moja, moja ina Intel na nyingine ARM. Surface Pro 9 ya 2022 ndivyo ilivyo. Yenye 5G ni ARM, isiyo na 5G ni Intel. Muuzaji atakwambia "chukua yenye laini, ni bora zaidi", wala hakwambii lingine.

Kinachokwama hapo si programu za kawaida, maana Windows 11 kwenye ARM inaziigiza programu za Intel za biti 32 na 64. Windows 10 kwenye ARM iliishia biti 32, hilo nalo muulize. Tatizo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa. Draiva haiigizwi, lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM64 (ARM ya biti 64). Kwa hiyo printa ya zamani ya ofisini, kisoma alama za vidole, na zile modemu za USB zinazojiweka zenyewe ukizichomeka, hapo ndipo unakuta kimya. Kwa mwenye stationery au wakala, hiyo mashine ni sinia.

Kabla ya kulipa: Settings, System, About, soma mstari wa System type. Ukiona "ARM-based processor", mpe muuzaji printa na modemu unayotumia kila siku azichomeke mbele yako. Akikataa, ondoka.

#3

Kuhusu kibodi kupoteza mawasiliano. Inapita kwenye vidoti vya chuma vilivyo ukingoni, havina waya wala bluetooth. Jasho, vumbi na chumvi ya hewa ya pwani vinaweka utando pale. Zima mashine, chukua pamba ya masikioni na spiriti ya asilimia 70 au zaidi, futa pande zote mbili, subiri ikauke. Bado haisomi? Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 20 mpaka izime kabisa, washa upya. Ikiwa bado, jaribu kibodi nyingine kabla ya kuilaumu mashine, kwa sababu utepe wa ndani pale kwenye mkunjo hukatika kwa kukunjwakunjwa na haushoneki.

#4

Wakuu, nataka kuongelea zilizotumika, kwa sababu hapo ndipo watu wanalizwa. Nyingi zilikuwa mali ya makampuni na shule huko nje. Zimefutwa juu juu, zinawaka, zinapendeza. Siku unafanya reset (kufuta kila kitu na kuianzisha upya), skrini inakuandikia karibu kwenye shirika fulani na kudai barua pepe ya kazini. Hiyo ni Autopilot, mfumo wa Microsoft wa mashirika kusimamia mashine zao. Imesajiliwa kwa namba ya mashine kule kwenye seva, kwa hiyo kuweka Windows upya kwa flashi hakusaidii. Ukiunganisha intaneti wakati wa kuianzisha inarudi palepale. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni shirika lililoisajili.

Kipimo chake ni kimoja. Reset ifanyike dukani, mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, mpaka ufike kwenye desktop. Inachukua saa moja hivi, zaidi kwa eMMC. Muuzaji anayesema hana muda huo anajua anachokificha. Ukiwa hapohapo, zima, shikilia kitufe cha kuongeza sauti kisha bonyeza cha kuwashia, uone kama UEFI (mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows) inadai nywila. Ikidai, usinunue.

Cha pili ni betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua faili inayotengenezwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa). Ikiwa ya pili ni chini ya asilimia 70 ya ya kwanza, hesabu kwamba unanunua mashine ya kukaa imechomekwa ukutani. Usiambiwe "betri tunabadilisha". Kwenye Surface Pro za mwanzo kioo kimegandishwa kwa gundi na betri nayo imegandishwa ndani. iFixit, wale wanaofungua vifaa na kupima ufundi wake, walizipa Surface Pro za kwanza alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengeneza. Fundi anapasha moto ukingo, anapenyeza kadi, kioo kinapasuka, na kioo kinakula bei ya mashine.

Tatu, ile Surface Go ya 2018 yenye Pentium 4415Y haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Bado zinauzwa bila neno hata moja la tahadhari.

#5

Mnazidisha, wakuu. Kwa kusoma PDF, kuandika kwa kalamu, kusaini nyaraka na kusafiri, hakuna mpakato unaozishinda. Na mbona hamsemi za Android na iPad zenye kibodi? Zina betri nzuri na hazigandi.

#6 – Mtoa mada

Namba 5, kusoma na kuchora sikatai hata kidogo. Ninachokataa ni neno "badala". Mwenye mpakato nyumbani anaongeza kishikwambi, sawa. Mwenye uwezo wa kununua mashine moja tu maishani mwake mwa chuo anaambiwa hiki kinatosha, na hakitoshi.

Hizo za Android na iPad ndizo zinavunja kabisa. Excel ya humo haiendeshi makro za VBA, zile amri zilizoandikwa ndani ya faili zifanye kazi zenyewe. Mhasibu anafungua faili la mishahara, vitufe vipo, havifanyi kitu. Kingine ambacho hakiandikwi popote dukani: programu za Office kwenye simu na vishikwambi zinaruhusu kuhariri bure ikiwa kioo hakizidi inchi 10.1. Kikizidi hapo unasoma tu mpaka ulipie Microsoft 365. Mtu anaongezewa pesa achukue cha inchi 11 "kikubwa kama laptopu", kumbe amenunua na deni la kila mwaka!

Kwa waliokwisha kununua ya GB 64, bana nafasi hivi: Settings, System, Storage, Temporary files, futa faili za Windows ya awali na za masasisho. Weka kadi ya microSD kwa picha na video. Na kwenye Command Prompt ya msimamizi andika powercfg /h off, inazima hibernate (kuzima mashine huku kazi yako imehifadhiwa kwenye hifadhi), unapata kama GB 1.6 kwenye mashine ya RAM GB 4.

#7

Hapo kwenye powercfg /h off nakupinga, mtoa mada. Hizi mashine hazina usingizi ule wa zamani, zina Modern Standby tu. Ukifunga kibodi mashine bado iko macho nusu: inapokea barua pepe, inapakua masasisho, ndani ya begi, bila feni. Unaitoa inachoma na betri imeisha. Dawa pekee ya uhakika ni hibernate, na wewe umewaambia watu waizime. Rudisheni kwa powercfg /h on, kisha Control Panel, Power Options, mchague hibernate kwa kitufe cha kuwashia na kwa kufunga. Hizo GB 1.6 zitafuteni kwingine.

Kwenye joto pia kuna jambo. Surface imepangiwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Dar mwezi wa pili, chumba cha bati, mko mpakani au mmeshavuka. Isiyo na feni ikipata moto inajipunguzia kasi, na simu ya video inaanza kukatika. Msiiweke juu ya godoro.

Na chaja. Chaja ya simu ya volti 5 haitoshi, asilimia zinashuka huku imechomekwa. Kwa Surface Go tafuta ya USB-C yenye PD (Power Delivery, chaji ya nguvu kubwa), wati 30 kwenda juu. Surface Pro 7 na za baada yake, wati 45 ndiyo iwe ya chini. Pro 6 kurudi nyuma hazina USB-C kabisa, kwa hiyo chaja ya asili ikipotea una shughuli ya kuitafuta.

#8 – Mtoa mada

Namba 7 yuko sahihi, nimekubali. Hibernate iacheni iwake, nafasi mtafute kwenye kadi.

Narudi kwa wauzaji. Andikeni kwenye kila tangazo: bei pamoja na kibodi na chaja, RAM ngapi na kwamba haiongezeki, eMMC au SSD, Intel au ARM, S mode ndiyo au hapana, na kwa iliyotumika, namba mbili za betri kutoka kwenye ripoti. Mistari sita tu. Anayeshindwa kuiandika anauza kwa kutegemea mnunuzi asiulize.

#9

Ongezeeni hili, maana ni la usalama. Zinazokaa zimechomekwa kwenye kaunta kutwa nzima betri huvimba. Dalili ni kioo kuinuka upande mmoja, mwanga kupenya ukingoni, au mguu wa nyuma kukataa kufunga sawasawa. Ukiona hivyo zima, chomoa, usiichaji tena na usikibonyeze kioo kirudi, kwa sababu nyuma yake kuna lithiamu. Na kama inabidi ikae kwenye umeme muda wote, ingia UEFI kama namba 4 alivyoeleza, tafuta Battery Limit uiwashe. Itaishia asilimia 50.