Mitego ya chupa inajaa nzi, lakini mafyulisi bado yana funza

Swali: Mkulima wa Kilolo

Habari zenu, wakulima wenzangu. Nina miti 22 ya mafyulisi hapa Kilolo, mkoani Iringa, na nimeamua kutopulizia sumu kwa sababu watoto huyala yakiwa bado mtini, na pia nina mizinga ya nyuki pembeni ya shamba. Msimu uliopita nilitundika chupa za plastiki zenye siki, sukari na ndizi iliyoiva sana, na kila baada ya siku mbili nilizikuta zimejaa nzi, nikaamini kwamba nimeshinda. Tulipovuna, karibu kila tunda nililolipasua lilikuwa na funza weupe wakijipindapinda kuzunguka kokwa. Nimekosea wapi: chambo, matundu au mahali pa kutundika?

Jibu: Mwenye Bustani, Tukuyu

Pole sana kwa hasara hiyo, dada. Kabla hujabadilisha chochote, mimina ulichonasa kwenye sahani nyeupe, ukikague mchana kweupe. Ukiona vijinzi vya milimita mbili au tatu, vyenye macho mekundu, hao ni nzi wa siki, ambao hufuata tunda lililokwisha kupasuka au kuoza. Nzi wa matunda ni mkubwa zaidi, anakaribia nzi wa nyumbani, rangi yake ni ya kahawia inayoelekea njano, na jike ana ncha nyembamba mkiani ambayo huichomeka kwenye ganda na kutaga mayai ndani. Ninashuku kwamba siki na ndizi zilikukusanyia wale wa kwanza kwa mamia, huku wa pili wakiendelea na kazi yao juu ya mti.

Jike wa nzi wa matunda hutafuta protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo mvute kwa hamira. Mimi hukoroga kijiko kimoja cha chai cha hamira na vijiko viwili vya chakula vya sukari katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, nikauacha mchanganyiko uchachuke usiku kucha, kisha nikaongeza matone machache ya sabuni ya maji ili nzi akigusa azame, asielee na kuruka tena. Toboa matundu manne yenye unene wa penseli kwenye theluthi ya juu ya chupa ya lita moja na nusu, itundike ndani ya matawi upande wenye kivuli, na ubadilishe chambo kila wiki. Anza tunda likiwa bado kijani na gumu, wiki sita hivi kabla ya kuiva, kwa sababu mti ukishaanza kunukia matunda mabivu, harufu ya chupa yako haitasikika.

Jibu: Mama Parachichi, Njombe

Ninakubaliana na ndugu yangu wa Tukuyu, ila kuna kosa jingine ambalo wengi huku juu tunalifanya. Watu hushauriana kuponda mrihani na kuutia kwenye chupa, na ni kweli kwamba harufu ya baadhi ya aina za mrihani huwavuta nzi, lakini huwavuta madume tu, tena hasa wa yule nzi kutoka Asia aliyegunduliwa nchini mwaka 2003, ambaye anastawi zaidi kwenye maeneo ya joto. Kwenye baridi yetu, wasumbufu wakubwa wa mafyulisi ni nzi wa asili ya Afrika wenye mabawa ya madoadoa, na hao hawaujali mrihani hata kidogo.

Jambo ninalokusihi zaidi ni matunda yaliyoanguka, ambayo hukuyataja. Funza hutoka kwenye tunda lililo chini, akajichimbia sentimita chache udongoni, na kutoka humo akiwa nzi mpya, kwa hiyo tunda moja lililoachwa chini linaweza kuzalisha nzi wengi kuliko utakaowanasa kwa chupa yako ya wiki nzima. Okota kila siku, usingoje Jumamosi. Yafukie kwenye shimo la nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuanika juani mpaka funza wote wafe. Kuku wakipita chini ya miti watakusaidia kufukua waliobaki.

Jibu: Kijana wa Mafinga

Shikamoo, mama. Mimi sina mafyulisi, nina kabichi, na adui yangu ni koa. Nafukia kikopo chenye ulanzi (pombe ya mianzi) uliochacha, mdomo wake ukibaki juu ya udongo kidogo ili mende wazuri wa shambani, wale wanaokula wadudu waharibifu, wasitumbukie, na asubuhi nawakuta koa wamezama humo.

Mkulima wa Kilolo

Marahaba, mwanangu, ikiwa salamu ilikuwa yangu pia, na ahsanteni nyote. Chupa moja ya msimu uliopita ilibaki imening'inia mtini, nikaimimina kwenye sahani leo asubuhi: mabaki mengi ni ya vijinzi vidogo, na wakubwa nimehesabu wanne tu. Mafyulisi sasa yana ukubwa wa gololi, kwa hiyo kesho nitachachua hamira na nitaanza na chupa 6, moja ikiwa karibu na mizinga, ambayo nitaikagua kila jioni na kuiondoa nikikuta nyuki hata mmoja ndani yake. Shimo la kufukia matunda nimeshamwomba kijana mmoja wa hapa kwetu alichimbe.