MREJESHO: Chatu wangu jike ametaga

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka jana niliuliza kama chatu wangu jike, yule wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa, amefikia kupandishwa. Alikuwa na miaka 2, gramu 1,300. Wengi mlinishauri nisubiri afike 1,500 na miaka 3. Nikasubiri.

Aliyesema mzani peke yake hautoshi, Mungu akubariki sana. Alifika gramu 1,620 na bado hana dalili yoyote ya kuwa tayari kupandishwa. Wiki kadhaa mbele dalili ikaja: akaanza kuzungushia mwili bakuli la maji, upande wa baridi wa kizimba, ndipo nikamwingizia dume. Siku mayai yaliposhuka kutoka kwenye ovari, yakiwa bado tumboni, alivimba katikati kama aliyemeza panya mkubwa, kesho yake akanywea. Akajivua gamba, siku ya 29 baada ya kujivua akataga.

Mayai 6. Mawili viza, madogo ya njano, na yameniuma. Yale 4 nikiyamulika kwa tochi naona mishipa myekundu ya damu. Nimeyaweka kwenye nyuzi 31.

Ultrasaundi ya kuangalia mayai tumboni sikupiga, daktari wa nyoka yuko mbali. Mama mtu amekonda, ila jana amekula. Msimu ujao nampumzisha. Asanteni mno.