Wauzaji wa magari ya Ulaya: mnajua gari limeitwa kiwandani, mnaniuzia na kunyamaza. Nusura niue familia yangu pale Hale, Tanga

Wakuu, habari za saa hizi. Nina wiki ya tatu jambo hili linanikaba kooni, leo nalitoa lote.

Januari nilinunua gari la Kijerumani kwenye yadi moja Dar. Sitaji kampuni wala yadi, nisije nikafungwa mdomo na wakili wa mtu kabla hatujajadili jambo lenyewe. Milioni 26. Ni hela ya machungwa hiyo: natoa mzigo Muheza, nimejibana misimu miwili, na mke wangu akaongezea mgao wake wa kikoba. Gari lilikuwa safi, viti vya ngozi, stika za Kijapani bado zipo kwenye kioo, dashibodi inasoma kilomita 71,000. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama injini ina shida. Akanijibu, "Kaka, hiki chuma cha Mjerumani, wewe badilisha oili tu."

Mwezi wa pili ukaanza mlio. Asubuhi ukiwasha, sekunde mbili tatu za mwanzo injini inakwaruza kama mtu anaburuta mnyororo kwenye saruji, halafu kimya. Nikampigia. Akasema ni baridi ya asubuhi, ikishapata moto inatulia. Baridi gani ya Tanga mwezi wa pili? Lakini nilimwamini, kwa sababu mlio kweli ulikuwa unapotea na taa ya injini haikuwaka hata siku moja.

Siku ya tukio tulikuwa tunatoka Korogwe msibani. Mama mzazi, mke, watoto wawili. Tumepita Hale, magharibi inaingia, nikakanyaga mafuta kulipita lori la mkonge. Hapo hapo injini ikakata. Usukani mzito, breki nikikanyaga mara ya tatu ni ngumu kama jiwe, lori liko ubavuni, na mbele basi linakuja linaniwashia taa. Nilivyorudi upande wangu mpaka leo siwezi kuwaeleza. Nakumbuka tu sauti ya mama nyuma anasoma Ayatul Kursi na mtoto mdogo analia.

Gari likavutwa mpaka gereji Ngamiani. Fundi akafungua sampo, lile beseni la oili chini ya injini, mbele yangu, akatia vidole kwenye oili nyeusi, akaanza kutoa vipande vya plastiki vya rangi ya kahawia, vingine vikubwa kama kucha ya dole gumba, vingine kama punje za mchele. Akavipanga juu ya kipande cha boksi. Kimoja akakibonyeza kikavunjika kama biskuti. "Hizi ni reli za cheni ya taimingi. Zimekauka zikakatika, cheni ikalegea, ikaruka meno, valvu zikagonga pistoni." Yaani cheni inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Valvu nane zimepinda. Ule mkwaruzo wa asubuhi ndiyo cheni yenyewe ilikuwa inapigapiga kabla presha ya oili haijapanda kuikaza. Gari lilikuwa linaniambia kila siku, na mtu niliyemuuliza akaniambia ni baridi.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, na kilichoniuma zaidi ni kwamba haya mambo si siri hata kidogo. BMW walitoa injini ya dizeli ya N47 mwaka 2007, cheni yake wakaiweka nyuma, upande wa gia boksi, kwa hiyo ikichakaa kazi yake kwa kawaida ni kushusha injini nzima. Mercedes M271, zile za Kompressor tunazoziona mjini kila siku, zinajulikana kwa cheni kulegea na meno ya kamshafti kulika. M272 ya V6, zile za mwanzo, kuna gia ndogo ya shafti ya mizani inalika meno. Audi za 2.0 TFSI za miaka fulani zinakunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Land Rover za dizeli V6 zinakata krenki. Mafundi wa Uingereza na Ujerumani wanayajua hayo, madalali wa mnada wanayajua, na huyo aliyeniuzia anauza magari hayo kila wiki. Ukiongeza na ratiba ya kule ya kubadilisha oili hata baada ya kilomita 30,000, kisha gari likaja kuunguzwa na joto la huku na foleni za Dar, hizo plastiki zitabaki na uhai gani?

Lakini wakuu, injini ni hela. Injini nitatafuta nitalipa. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni kingine.

Mpwa wangu alichukua namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17 zilizo kwenye kioo cha mbele na kwenye nguzo ya mlango, akaiingiza kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari. Dakika moja haikufika. Ikaleta wito wa usalama ulio wazi, yaani kiwanda kimeliita gari lirudi kutengenezwa kasoro ya hatari na bado halijatengenezwa: eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga mtu kwenye ajali) ya mbele upande wa abiria, haijabadilishwa. Kiti anachokaa mke wangu, mara nyingi kapakata mtoto.

Kwa wasiojua, wito wa namna hii una historia. Kampuni ya Takata ya Japan ilitengeneza vifaa vya kujaza eabegi vyenye baruti ya nitrati ya amonia. Baruti hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya ajali hailipuki kwa kipimo, inapasua chuma kilichoifunika na vipande vinaruka kwenye shingo na uso wa aliyekaa mbele. Watu wamekufa kwenye ajali ambazo wangetoka na michubuko. Marekani peke yake ni eabegi takriban milioni 67, na magari ya BMW, Mercedes na Audi yamo. Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017. Mwaka 2023 BMW waliwaambia wenye magari kama 90,000 ya zamani kule Marekani wasiyaendeshe kabisa mpaka yatengenezwe. Na maeneo yaliyopewa kipaumbele ni yenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii.

Sasa niambieni, Tanga ni nini kama si joto na unyevu? Gari linashinda juani Chumbageni, usiku linalala Raskazone mita chache kutoka baharini. Kama kuna mahali duniani eabegi hiyo haifai kuwepo ni hapa kwetu.

Japan wenyewe, tangu Mei 2018, gari lenye eabegi za Takata za hatari kubwa ambazo hazijabadilishwa halipiti ukaguzi wao wa lazima. Lisilopita ukaguzi kwao mwenye nalo atalipeleka wapi? Mnadani, melini, yadini, halafu kwa muuza machungwa.

Nikampigia muuzaji tena. Nikamsomea wito wote. Akasema, "Mambo ya kiwandani hayatuhusu, gari lililotumika linauzwa lilivyo." Nikaenda kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, Dar, nikapigwa danadana siku mbili: mara gari hili hatukuuza sisi, mara lete karatasi za huduma za nyuma, mara andika barua pepe. Barua pepe nimeandika tatu, hakuna aliyejibu. Wito wa usalama ni deni la kiwanda, mwenye gari halipi. Deni hilo likivuka bahari linafutwa na nani?

Siyo eabegi tu. Mwaka 2022 Mercedes waliita karibu magari milioni 1 ya ML, GL na R yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015, kwa sababu unyevu unaingia kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu ukikanyaga, inapata kutu, na breki zinaweza kufeli. Kutu, wakuu, na sisi tuko pwani. Na mwaka 2018 BMW za dizeli zilikuwa zinawaka moto barabarani Korea Kusini, maji ya kupoza yanavuja kwenye EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, yanachanganyika na masizi. Serikali yao mwezi Agosti ikazuia kama 20,000 zilizokuwa hazijakaguliwa zisiingie barabarani. Mtu alikuwa na gari lake, hela yake, na bado akaambiwa liache nyumbani mpaka likaguliwe. Wenzetu wanalindwa hivyo.

Ninachotaka ni kidogo. Namba ya chesisi yadi wanayo kwenye makaratasi kabla gari halijashuka melini. Dakika moja waiingize, wachapishe jibu, walibandike kwenye kioo pembeni ya bei. Kama kuna wito wazi, mnunuzi aamue mwenyewe akiwa macho wazi. Kuniuzia mbuzi kwenye gunia nitasamehe, lakini huyu alijua, au alikataa kujua, na aliona nimekuja na watoto.

Gari sasa liko juu ya mawe, kichwa cha injini kipo kwa wasagaji, nimeshatoa milioni 4 na bado. Hata likipona, kile kiti cha mbele hakikaliwi na mtu. Mama amekataa kulipanda tena.

Aliyewahi kubadilishiwa eabegi hapa Tanzania kwa gari lililotoka Japan au Uingereza, naomba aseme alikwenda wapi, alipeleka karatasi gani, na kama alidaiwa hela. Na kama una gari la namna hii, kabla hujanijibu, toka nje kaisome namba yako, uiingize, uandike hapa umekuta nini.