Roboti inapitiliza alama: kitanzi chenye sharti na kihisi cha mzunguko

Swali

Salaam, wanajukwaa. Ninaandika programu ya roboti ya LEGO Mindstorms EV3 yenye magurudumu mawili, kila gurudumu likiendeshwa na mota kubwa ambayo ndani yake mna kihisi cha mzunguko kinachohesabu digrii moja moja. Ninataka iende mbele mita 1, isimame, kisha igeuke digrii 90 palepale iliposimama. Kipenyo cha gurudumu ni milimita 56, kwa hiyo mzingo wake ni takriban milimita 175.9, nikigawanya 1,000 kwa namba hiyo ninapata mizunguko 5.68, yaani digrii 2,046. Sehemu ya kwenda mbele nimeiandika hivi:

washa mota zote mbili, kasi digrii 600 kwa sekunde
rudia mpaka kihisi = 2046
  subiri sekunde 0.05
zima mota

Mara chache husimama panapotakiwa, lakini mara nyingi hupitiliza na kuendelea mpaka igonge ukuta. Nikiiita sehemu hii kwa mara ya pili ndani ya programu ileile, haisimami kabisa. Hesabu nimeihakiki na ninaamini ni sahihi. Je, kasoro iko kwenye kihisi au kwenye kitanzi, yaani hiyo sehemu ya "rudia mpaka"?

Jibu la kwanza

Kihisi chako ni kizima. Tatizo limo katika alama ya usawa (=). Mota inayozunguka digrii 600 kwa sekunde husogea digrii 30 katika sekunde 0.05 unazosubiri, na muda huo wote programu haitazami kihisi. Inaweza kusoma 2,010, kisha 2,040, kisha 2,070. Namba 2,046 ilipita kweli, ila hapakuwa na aliyekuwa akiitazama, na kwa kuwa kila usomaji unaofuata ni mkubwa zaidi, sharti lako halitatimia tena. Zile mara chache roboti iliposimama vizuri, usomaji mmoja uliangukia 2,046 kwa bahati tu. Andika "rudia mpaka kihisi kiwe kikubwa kuliko au sawa na 2046", nawe utakuwa umeweka mpaka ambao gurudumu haliwezi kuuruka bila kuonekana.

Tatizo la mara ya pili lina sababu nyingine: kihisi hakirudi sifuri chenyewe kila unapoanza mwendo mpya. Kiweke sifuri kabla ya kuwasha mota, si baada. Ukibadilisha alama ya usawa bila kuweka sifuri, mwendo wa pili utakwisha papo hapo, kwa sababu sharti litakuwa limekwisha kutimia kabla roboti haijasogea. Tena punguza muda wa kusubiri uwe sekunde 0.01. Hapo gurudumu litasogea digrii 6 kati ya usomaji mmoja na mwingine, ambazo ni kama milimita 3 sakafuni, badala ya karibu milimita 15 za sasa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila hata ukifanya hayo yote roboti bado itapitiliza kidogo, kwa kuwa kitu kilicho katika mwendo hakisimami mara tu umeme unapokatwa. Kwanza hakikisha amri ya kuzima inafunga breki, maana kuna amri nyingine inayoiacha mota izunguke hadi ichoke yenyewe. Kisha, ndani ya kitanzi, kokotoa mabaki, yaani 2,046 ukitoa usomaji wa sasa, na uifanye kasi kuwa mabaki mara 2, isizidi 600 wala isishuke chini ya 100. Roboti itakwenda kwa kasi kamili mpaka zibaki digrii 300, kama sentimita 15, halafu itapungua taratibu. Kikomo cha chini ni cha lazima, kwani bila hicho kasi inayoagizwa huwa ndogo mno karibu na mwisho, mota ikashindwa kuusukuma mzigo, na kitanzi kikaendelea kurudia bila kuisha.

Kuhusu kugeuka, tuseme umbali kati ya magurudumu ni milimita 120. Kila gurudumu litazunguka 90 × 120 ÷ 56, yaani kama digrii 193, moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma. Angalia hapa kwa makini: kihisi cha gurudumu linalorudi nyuma huhesabu kuelekea hasi. Ukichukua wastani wa vihisi viwili, 193 na hasi 193 hutoa sifuri, na roboti itazunguka bila kikomo. Ondoa alama ya hasi kwanza, ndipo utafute wastani.

Jibu la tatu

Kwa nini usitumie amri iliyo tayari ya kuzungusha mota kwa digrii kadhaa? Hiyo hupunguza kasi na kufunga breki yenyewe, na kwa mita 1 ya sakafu tupu inatosha.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote. Sasa inasimama karibu sana na alama, na kugeuka kumetengemaa. Amri iliyo tayari niliiacha kwa makusudi, kwa sababu baadaye nitaongeza kihisi cha kugusa, na ninataka programu iweze kukitazama roboti ikiwa bado njiani. Swali moja limebaki: gurudumu likikwama, kitanzi kitaishia wapi?

Jibu la pili

Hakitaishia popote, ndiyo maana kinahitaji sharti la pili, la muda. Kwa kasi ulizoweka, mwendo mzima huchukua sekunde 4 na kidogo, kwa hiyo andika "rudia mpaka digrii zitimie au sekunde 6 zipite". Kihisi cha kugusa utakiongeza kwa "au" ya tatu. Baada ya kitanzi, usiende moja kwa moja kwenye kugeuka. Uliza kwanza ni sharti lipi lililokimaliza, maana roboti iliyosimama kwa sababu ya muda haiko mahali ambapo hatua inayofuata inadhani ipo.

Hali ya gurudumu kuteleza ni tofauti: digrii zitatimia, muda hautapita, na bado roboti itakuwa nyuma ya alama, kwa kuwa kihisi kinapima gurudumu, hakipimi sakafu. Ikiwa inapungukiwa kwa kiasi kilekile kila mara, rekebisha kipenyo katika hesabu. Ukiagiza milimita 1,000 na rula ikaonyesha 985, tumia kipenyo cha 55.2 badala ya 56. Fanya hivyo kabla ya kurekebisha umbali kati ya magurudumu, kwa sababu hesabu ya kugeuka inategemea vipimo vyote viwili. Upungufu ukibadilika kila safari, hakuna namba itakayoutibu. Punguza kasi ya kuanzia au tafuta matairi yanayoshika vizuri zaidi.