Mrejesho: lile zulia langu la mkono lenye tundu

Wadau nimerudi. Niliwauliza kuhusu zulia la zamani lililofumwa kwa mkono, limefumuka pembeni na lina tundu katikati, mkanikataza gundi, asanteni sana aisee. Nilijaribu rangi kwa kitambaa cheupe kibichi, nyekundu ikachuja, basi kufua nikaacha kabisa. Pembeni nimeshona, imeshika.

Tundu ndo lilinila wiki tatu, maana unaanza kurudisha zile nyuzi za pamba za msingi, yaani zinazoshikilia mafundo, unazipitisha mpaka ndani ya sehemu isiyoharibika zisije zikachomoka, halafu unafunga fundo moja moja la sufu huku unachungulia mgongo wa zulia uone mafundo ya zamani yamekaaje, ukikosea manyoya yanalala kinyume na rangi inaonekana tofauti. Nilifumua mara mbili. Sasa nikipitisha mkono sisikii kiraka, nimefurahi mno!